BUSTANI YA MTONI HUKO JINJA, PENYE MLANGO WA ZIWA LETU

Mtu akisimama asubuhi katika ufuko wa Bukoba, mahali mto Kanoni uingiapo ziwani, akatazama kisiwa cha Musira na maji yaliyo nyuma yake, haoni ng'ambo. Maji ni mengi mno, na kila siku mito yazidi kuyaongeza. Mtoto wa shule akiuliza, "Maji haya yote yaingiayo hutokea wapi?" wakubwa wengi hunyamaza, ama hujibu ya kuwa ziwa ni ziwa, halina mlango. Jawabu hilo si kweli. Ziwa letu lina mlango mmoja, wala si miwili, nao uko Jinja katika nchi ya Uganda, na kando ya mlango huo pana bustani ya watu wote. Somo la leo ni habari ya bustani hiyo, jinsi mahali pale palivyokuwa zamani na palivyo sasa, na sababu ya habari zake kutuhusu sisi tukaao Bukoba na Muleba kuliko wageni wengi waendao kupiga picha pale.

Kwanza na tulitazame ziwa lenyewe. Waganda huliita Nalubaale, Wahaya huliita Rweru, na Wazungu waliliita Victoria kwa jina la malkia wao. Eneo lake ni kilometa za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake si kikubwa kwa ziwa la namna hiyo. Hata mahali penye kina kirefu kabisa hapafiki meta 90. Ni kama sinia pana, si kama chungu. Mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe ndiyo iletayo sehemu kubwa ya maji yake, karibu sehemu nne katika kila tano. Mito yote kwa pamoja huleta iliyobaki. Tena maji mengi hayatoki kwa mto hata kidogo, bali hupaa juu kwa nguvu ya jua yakawa mawingu, na mawingu hayo ndiyo yatuleteayo sisi mvua nyingi, maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Yale yasiyopaa ndiyo yatafutayo mlango.

Zamani mlango huo ulikuwa ni maporomoko. Upande wa kaskazini wa ziwa pana ghuba nyembamba, na mwisho wa ghuba hiyo palikuwa na ukuta wa mawe uliokatiza mto kutoka ukingo hata ukingo. Ziwa lilijaa mpaka ukingo wa mawe, kisha likamwagika kwa ngurumo, kama maji yamwagikavyo katika chungu kilichojaa, na hapo ndipo mto ulipoanza. Basoga huuita mto huo Kiyira. Mahali penyewe paliitwa "Mawe", na jina hilo ndilo lililobaki hata leo, maana neno la Kiganda ejjinja maana yake ni jiwe. Kwa hiyo mtu asemaye "Jinja" asema "Mawe", ingawa mawe yenyewe, kama tutakavyoona, hayaonekani tena.

Watu wa pale walipajua mahali hapo tangu kale, wakivua samaki na kuvuka kwa mitumbwi. Nao walikuwa na heshima zao juu ya maji yale, kama sisi tulivyokuwa na zetu. Wahaya wa kale walimtaja Mugasha kuwa ndiye mwenye ziwa na tufani zake, na Waganda walimtaja Mukasa. Mwenye kusikiliza majina hayo mawili atafahamu ya kuwa watu wa pwani mbili za ziwa hawakuwa wageni wao kwa wao.

Mzungu wa kwanza kufika kwenye Mawe alikuwa John Hanning Speke, Mwingereza. Mwaka 1858 alikuwa ameliona ziwa kwa upande wa Mwanza, akasadiki moyoni ya kuwa hapo ndipo Mto Naili utokapo, lakini hakuwa na ushahidi. Akarudi mara ya pili pamoja na mwenziwe Grant, na safari hiyo ilipita kwetu. Mwezi wa Novemba 1861 waliingia Karagwe, wakakaribishwa na Mukama Rumanyika kwa ukarimu mwingi, wakakaa kwake hata mwezi wa Januari 1862. Grant alikuwa na donda la mguu, akaachwa Karagwe kwa muda. Speke akaendelea, akauvuka mto Kagera, akaenda mpaka kwa Mutesa, Kabaka wa Buganda. Tarehe 28 Julai 1862 alifika kwenye Mawe. Aliyakadiria maporomoko kuwa na kimo cha futi 12 hivi na upana wa futi 400 mpaka 500. Akayapa jina la Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa wa Chama cha Jiografia huko London.

Hapa yafaa tuseme neno moja. Vitabu vingi vya shule viliandika ya kuwa Speke "alivumbua" mwanzo wa Naili. Lakini mtu hawezi kuvumbua mahali alipopelekwa na wenyeji waliokwisha kupapa jina. Alilolifanya Speke ni jambo jingine, nalo si dogo: aliunganisha habari ya maporomoko yale na habari ya mto wa Misri, mambo mawili ambayo mpaka siku ile hakuna mtu aliyeyajua yote mawili kwa pamoja. Hata hivyo wenziwe huko Uingereza hawakumsadiki wote. Walipangiwa siku ya kujadiliana, yeye na Burton, katika mji wa Bath, mwezi wa Septemba 1864; siku moja kabla ya mjadala Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda.

Ushahidi wenyewe uliletwa na Stanley mwaka 1875. Yeye alilizunguka ziwa lote kwa mashua, akaona ya kuwa mito mingi yaingia, na mmoja tu watoka. Safari hiyo twaikumbuka sisi kwa sababu nyingine. Mwezi wa Aprili alitia nanga Bumbire, kisiwa kilicho sasa katika wilaya ya Muleba, akagombana na wenyeji. Mwezi wa Agosti akarudi na mitumbwi mingi na bunduki, akaua watu wengi wa kisiwa hicho. Habari hiyo iliposomwa Uingereza, hata huko wako waliomlaumu. Basi ramani iliyowaonyesha walimwengu ya kuwa Jinja ni mlango wa pekee wa ziwa, sehemu ya bei yake ililipwa Bumbire.

Mji wa Jinja ulianza kukua mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza walipoufanya makao ya serikali yao katika Busoga. Miaka hiyo ndiyo miaka ya malale, ugonjwa ulioua watu wengi sana katika pwani za Busoga na Buganda, hata serikali ikawahamisha waliobaki kutoka ufukoni na visiwani. Ugonjwa ulipopungua, mji ulipata nguvu kwa pamba na kwa reli: mwaka 1912 reli ilifunguliwa toka Jinja mpaka Namasagali, na mwaka 1931 daraja la reli likavuka Naili. Meli za ziwani zilizozunguka na kutia nanga Bukoba zilifika na Jinja pia. Wapangaji wa mji waliiacha ardhi ya ukingoni iwe wazi kwa miti na majani, na sehemu yake ikawa uwanja wa gofu. Uwanja huo una sheria yake ambayo haipo Uingereza: mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji ana ruhusa kuutoa kwa mkono bila adhabu.

Lakini tangu mapema wako walioyatazama maporomoko kwa jicho jingine. Mwaka 1907 Winston Churchill, akiwa bado kijana katika serikali ya Uingereza, alifika Jinja, akaandika ya kuwa nguvu ile ya maji yapotea bure, na ya kuwa siku moja itazungusha mitambo. Siku hiyo ilifika. Mwaka 1949 serikali ya Uingereza ilipatana na serikali ya Misri juu ya kujenga boma la kuzuia maji mahali paitwapo Owen, maili mbili hivi chini ya Mawe. Wamisri hawakukubali bure, maana uhai wa nchi yao wategemea mto huu. Walipewa haki ya kumweka mhandisi wao Jinja ili aangalie maji yanavyoachwa. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa pili alilifungua boma hilo. Lilikuwa na mitambo 10 ya kutoa umeme, na juu yake ilipita barabara kubwa ya kutoka Kenya kwenda Kampala, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018.

Ili boma lifanye kazi, ukuta wa Mawe haukuweza kubaki. Wahandisi waliuchimba na kuupasua ili maji yapite bila kizuizi, na maji yaliyozuiwa na boma yakapanda mpaka pale, yakafunika yaliyosalia. Ngurumo iliyosikiwa tangu kale ikanyamaza. Kwa hiyo mgeni afikaye leo, aliyesoma vitabu vya zamani, hutafuta maporomoko asiyaone. Aona mto mpana upitao kwa utulivu na kwa nguvu, na mahali fulani maji yazunguka na kuchemka juu juu, basi.

Msomaji atauliza, bustani yaonyesha nini, ikiwa maporomoko yamekwisha? Iko upande wa mashariki wa mto, upande wa mji, katika mteremko. Juu pana miti mikubwa yenye vivuli. Njia yashuka hatua kwa hatua mpaka ukingoni, na ada hulipwa mlangoni. Katika mteremko huo huo pana sanamu ya kichwa cha Mahatma Gandhi, iliyofunuliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India, Gujral. Imewekwa pale kwa kuwa sehemu ya majivu ya mwili wa Gandhi ilitiwa katika mto huu mwaka 1948, baada ya kuuawa kwake. Wahindi wa Jinja ndio waliojenga sehemu kubwa ya maduka na viwanda vya mji, wakafukuzwa mwaka 1972 katika serikali ya Idi Amin, na baadaye baadhi yao wakarudi. Mtu akisimama mbele ya sanamu hiyo aona kumbukumbu ya mtu wa Bara Hindi upande huu, na ng'ambo, katika ukingo wa magharibi, mnara wa Speke. Na katikati maji yenye jina la Kisoga. Hakuna aliyekusudia kuyapanga hivyo, lakini ndivyo yalivyo.

Chini ukingoni pana mashua za kukodi na vibanda vya kuuza vinyago, vikapu na fulana. Vibanda hivyo, kwa fikira zetu, vimekaribiana mno, hata mahali pengine mgeni huona nguo zilizotundikwa kabla hajauona mto. Mashua huwapeleka watu mpaka kisiwa kidogo chenye kibao kisemacho ya kuwa hapo ndipo mwanzo wa Naili, na karibu yake waendesha mashua huonyesha maji yabubujikayo, wakisema ni chemchemi itokayo chini ya ardhi na ya kuwa sehemu kubwa ya mto yatoka humo. Maneno hayo hupendeza, lakini msomaji asiyachukue kuwa ni hesabu ya wapimaji; maji ya mto ni maji ya ziwa. Vilevile husema ya kuwa tone la maji litokalo pale huchukua miezi mitatu mpaka kufika bahari ya Misri.

Wapendao ndege wasiende na haraka. Minandi hukaa juu ya magogo wakikausha mabawa, midiria huning'inia hewani kisha hujitupa majini kama jiwe, na kenge hupita majanini bila kuwajali watu.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu kabisa. Maadamu ukuta wa Mawe ulikuwapo, hapakuwa na mtu aliyeshika ufunguo wa ziwa. Maji yakizidi, yalimwagika kwa wingi. Yakipungua, yalimwagika kidogo. Tangu mwaka 1954 mlango una ufunguo, na ufunguo umo mikononi mwa watu. Yalifanywa mapatano ya kuwa milango ya boma ifunguliwe kwa kadiri ile ile ambayo Mawe yangaliacha maji yapite, yaani wahandisi wasome kipimo cha ziwa cha Jinja, kisha wafuate hesabu iliyoandikwa. Kwa hiyo boma liliagizwa kuuiga ukuta wa mawe uliovunjwa kwa ajili yake.

Je, agizo hilo lilifuatwa? Kwa miaka mingi, ndiyo. Lakini boma la pili, liitwalo Kiira, lilipojengwa kando ya la kwanza na kuanza kazi karibu na mwaka 2000, haja ya umeme ilikuwa kubwa, kisha ukaja ukame. Miaka ya 2004 na 2005 maji yaliachwa kupita kadiri ya mapatano. Kufikia mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka zaidi ya meta moja katika miaka michache, kiwango ambacho hakikuonekana kwa miaka 80 hivi. Meli zilipata taabu kufika magatini, na wavuvi waliburuta mitumbwi yao juu ya matope mahali palipokuwa na maji. Wataalamu waliopima mambo hayo walisema ukame ulikuwa na sehemu yake, na boma lilikuwa na sehemu yake, na ya boma haikuwa ndogo.

Kisha mambo yakageuka. Mvua za mwisho wa mwaka 2019 zilikuwa kubwa sana, na mwezi wa Mei 2020 ziwa lilifika kiwango kilichovuka kile cha mwaka 1964, ambacho mpaka hapo kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyoandikwa. Mwezi wa Mei 2024 likapanda tena kupita hapo. Mialo ilizama, nyumba za ufukoni ziliingiwa na maji, vyoo vikafurika, katika nchi zote tatu. Nasi tumesikia watu wakisema, "Hawa wa Jinja wametufungia maji." Neno hili latakiwa lipimwe kwa hesabu, wala hesabu yake si ngumu, mwanafunzi wa darasa la juu aweza kuifanya.

Tuseme milango imeachwa hivi kwamba meta za ujazo 1,000 za maji zatoka kila sekunde, kiasi ambacho si kigeni kwa mto huo. Siku moja ina sekunde 86,400. Basi kwa siku moja hutoka meta za ujazo milioni 86 na zaidi. Maji hayo ni mengi ya kutisha. Lakini yagawanye juu ya ziwa lote lenye kilometa za mraba 68,800, utaona ya kuwa ziwa lashuka kwa milimita moja na robo tu. Kushusha sentimeta moja kwahitaji siku 8. Kushusha meta moja nzima, kama mvua na jua vyote vingesimama, kwahitaji zaidi ya miaka miwili. Mvua moja kubwa ya usiku inyeshayo juu ya ziwa lote yaweza kuleta kwa saa chache kiasi ambacho mlango wa Jinja hukitoa kwa majuma kadhaa.

Kwa hiyo maji yaliyotuingilia mwaka 2020 na 2024 yalitoka mbinguni. Hata kama Mawe yangekuwapo bado, bila boma wala mhandisi, ziwa lingalipanda, kama lilivyopanda zaidi ya meta mbili baina ya mwaka 1961 na 1964. Lakini hesabu hiyo hiyo haimwachilii mwenye ufunguo, maana milimita ndogo ndogo zikiachwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, huwa meta. Na hayo ndiyo yaliyotukia mpaka mwaka 2006. Mlango ule hauwezi kutuokoa na mafuriko ya mwezi mmoja, ila waweza kutukausha kwa miaka mitatu. Mtu wa Bukoba atakaye kulaumu ajue alaumu lipi.

Kwa upande wetu nasi tuna mengi yaliyopelekwa Jinja. Mto mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani ni Kagera. Wenye kutafuta mwanzo wa mbali kabisa wa Naili hawakusimama Jinja. Waliufuata Kagera kwenda juu, kupita Kyaka na Rusumo, mpaka milima ya Rwanda na Burundi. Mwaka 1898 Mdachi mmoja, Richard Kandt, alifika kwenye chemchemi za Rukarara katika Rwanda. Na mwaka 1938 Mdachi mwingine, Waldecker, alijenga piramidi ndogo ya mawe katika Burundi juu ya chemchemi iliyo kusini kuliko zote. Mto wote, ukiupima tangu huko mpaka baharini, ni kilometa 6,650 hivi. Basi kibao cha Jinja chasema kweli kwa nusu: pale ni mwanzo wa mto utokao ziwani, lakini si mwanzo wa maji.

Kagera haukuleta maji peke yake. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, ulileta miili ya maelfu ya watu mpaka ziwani. Wavuvi na wanavijiji wa Kasensero, upande wa Uganda, waliwatoa majini na kuwazika, na makaburi yao yako hata leo. Watu wa pwani yetu wanakumbuka jinsi samaki walivyokosa mnunuzi siku zile. Kabla ya hapo, tangu mwisho wa miaka ya 1980, mto ulikuwa ukileta magugu maji, mmea wenye ua zuri la zambarau usio na jema jingine. Ulitanda katika ghuba na magati ya ziwa zima, ukafika Jinja, ukasonga mitambo ya boma. Wadudu wadogo wenye kula mmea huo walifugwa na kutiwa ziwani, na mwisho wa miaka ya 1990 magugu yalipungua sana, ingawa hayakwisha. Mkulima wa bonde la Kagera aachaye udongo wake uchukuliwe na mvua hulisha magugu hayo bila kujua.

Neno "bustani" laweza kumpoteza msomaji, akadhani ni mahali pa maua na viti kwa watu wenye nafasi. Wahaya wana neno lililo karibu zaidi. Kwetu kila mtu ana kibanja chake, chenye migomba na kahawa, na mpaka wake wajulikana. Lakini nje ya vibanja pana rweya, majani yaliyo wazi, ambako watu huchunga, hukata nyasi za kuezekea na za kutandaza migombani, wala hakuna asemaye "hapa ni pangu". Ukingo wa mto ndani ya mji, ukiachwa wazi, ni rweya ya mji. Maji yakipanda, yapanda juu ya majani, wala si juu ya kitanda cha mtu. Ndivyo ilivyo Jinja: ziwa lilipojaa, maji yaliweza kunyang'anya njia na vibanda vya ukingoni, lakini mteremko na miti vilibaki, na yaliposhuka watu wakarudi kukaa kivulini.

Mji wa Bukoba una ukingo wa namna mbili, wa ziwa na wa mto. Emin Pasha alipoweka kituo cha Wadachi pale mwaka 1890 alichagua uwanda wa ufukoni, na mpaka leo sehemu ya uwanda huo iko wazi, watu huenda jioni kupunga upepo na kucheza mpira. Lakini Kanoni, upitao katikati ya mji kuingia ziwani, haukupata bahati hiyo. Wengi huukumbuka siku unapofurika tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu zenye kudhuru ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Meta 60 ni mwendo wa hatua 80 hivi. Mwalimu aliye na wanafunzi karibu na Kanoni, ama karibu na mwalo wowote wa Bukoba na Muleba, aweza kuwatoa nje siku moja na kuwaambia wazihesabu hatua hizo toka majini, kisha waandike kila wanachokikuta: mti, shamba, choo, nyumba, taka. Orodha hiyo itawafundisha zaidi ya ramani yoyote, na ikihifadhiwa shuleni, wanafunzi wa miaka 10 ijayo wataweza kuilinganisha na yao.

Atakaye kwenda Jinja hupita Mutukula, penye mpaka, akiwa na hati yake ya kusafiria, kisha Masaka na Kampala. Toka Kampala mpaka Jinja ni kilometa 80 hivi, upande wa mashariki. Aingiapo mjini hulivuka daraja jipya lishikiliwalo kwa nyaya, lenye urefu wa meta 525, na toka juu yake boma la mwaka 1954 laonekana. Yafaa kufika bustanini asubuhi, kabla ya umati wa mashua. Mkodishaji atataka kukupeleka moja kwa moja kwenye kibao cha kisiwani. Mwambie kwanza akuonyeshe mahali Mawe yalipokuwa. Hapana kibao hapo, ila utaona maji yakiinama kidogo na kwenda kwa kasi.